Ngozi Isiyo na Mwenyewe

Vuteni viti, kaeni. Na mwenye kucheka acheke sasa hivi, kwa sababu huko mbele tunakokwenda meno yatafichwa.

Palikuwa na mama mmoja waliyemwita Bi Glavu, na mwenyewe alishalizoea hilo jina, ukimwita la kuzaliwa hageuki, anadhani unamwita jirani. Mikono yake ilikuwa mibovu tangu usichana. Ngozi inakauka, inapasuka, inatoa majimaji, dawa zote kapaka mpaka mafuta ya breki, wapi! Basi glavu havui. Jikoni glavu za mpira, kazini glavu za bluu, harusini glavu za kitambaa cheupe, kapendeza kama mke wa waziri anayekwenda kukata utepe. Mama mkwe wake, kikongwe waliyekaa naye nyumba moja, macho hayaoni vizuri lakini ulimi haujui likizo, alikuwa akisema, "Mwanangu kaoa fundi bomba." Weee! Nyumba nzima inacheka, na Bi Glavu anacheka kuliko wote, anajipiga mapaja kwa hizo glavu, pa pa pa.

Sasa kazi yake. Alikuwa analisha ngozi.

Usinikodolee macho, nimesema analisha ngozi. Kulikuwa na jengo jeupe nyuma ya kituo cha mafuta, mbele halina hata dirisha, na humo ndani walikuwa wanaotesha ngozi. Hawachinji. Wanakwenda kwa ng'ombe, wanamkwangua kipande nyuma ya sikio, kadogo kama punje ya dengu, ng'ombe mwenyewe anaendelea kutafuna majani yake wala hana habari. Hicho kipande wanakitia kwenye vyungu vya kioo, kinazaana, kinazaana, halafu wanakimimina juu ya wavu mwembamba ndani ya trei, na trei zinapangwa kwenye kabati la joto. Siku ya kwanza huoni kitu. Siku ya kumi unaona utando kama wa maziwa yaliyochemka. Siku ya ishirini na moja unainua ngozi kamili, upana wa shuka la mtoto, haina kovu la kupe wala la fimbo. Chumba cha pili walikuwa wanaotesha manyoya kwa njia hiyo hiyo, lakini huko Bi Glavu alikuwa haingii, alisema yanampigisha chafya.

Na ngozi haioti kwa hewa, inakula. Wafanyakazi waliita chakula chake uji: maji ya pinki, vuguvugu, yanamiminwa asubuhi na jioni. Mmiminaji ndiye Bi Glavu. Na kwa kuwa chumba kile ni kimya, mashine zinavuma tu, na mpenda soga kama yeye angepasuka mbavu, akawa anaimba. Nyimbo za kubembelezea watoto wachanga, maana ndizo pekee alizozijua mpaka mwisho. Trei namba tisa ilikuwa usawa wa kifua chake. Hiyo ndiyo ilizisikia zaidi.

Basi asubuhi ya siku ya ishirini na moja akafungua kabati, akafunua trei namba tisa, baridi ya chumba ikaingia, na ngozi ikasisimka.

Yaani vipele vidogo vidogo vilisimama juu yake, vyote kwa pamoja, kama mkono wa mtu aliyemwagiwa maji ya kisimani. Bi Glavu akafunika. Akafunua tena. Vikalala, vikasimama.

"Redio," akaita kwa sauti ndogo. Redio ndiye shoga yake wa zamu, na jina lake linajieleza. "Redio, njoo uone."

Redio akaja, akainama, akatazama. "Imesikia baridi," akasema. Kisha akajisikia alichokisema. "Kwani inaweza kusikia baridi?"

"Mimi nikuulize wewe."

Wakamwita bosi wa maabara, mwanamke mwembamba aliyekuwa akiongea kama anaogopa kuamsha mtoto. Bosi hakuangalia vipele, aliangalia katikati ya ngozi, palipokuwa na kifundo kidogo kimejikunja ndani. Hakusema kinafanana na nini. Wote watatu waliona kinafanana na nini. Ng'ombe hatoki kitovu kwenye trei.

"Mbovu hii," akasema bosi. "Itie chumvi, uizime, halafu tanuruni. Leo hii, tafadhali."

Kuizima, hilo ni neno lao la kazini. Ngozi ikitoka kwenye trei bado iko hai, inapumua kwa namna yake. Huwezi kuitengeneza ikiwa hai. Kwa hiyo kwanza inazamishwa kwenye pipa la maji ya chumvi kali, saa nzima, unaishikilia chini kwa mikono yako miwili mpaka inaacha kusinyaa. Ndipo imezimwa. Kazi hiyo hakuna aliyeipenda. Hata Redio alikuwa akiifanya kanyamaza.

Sasa nyumbani kwa Bi Glavu kulikuwa na binti wa mwisho, wakimwita Kitinda, miaka kumi na mmoja, mrefu, mwepesi wa kulia. Viatu vyake vya shule vilikuwa vimefunguka mbele, vidole vinachungulia, watoto wenzake wakamwita Mamba. Kila akitembea wanapiga viganja, tap, tap, kama mdomo wa mamba. Juma lile alirudi nyumbani mara tatu kabla ya kengele ya mwisho, akasema shule haendi tena, bora afue nguo za watu. Baba yake alikuwa fundi viatu, ona mambo hayo, fundi viatu na mwanawe anaitwa Mamba, lakini ngozi nzuri ilikuwa haipatikani tena mjini. Alikuwa anashonea watu viatu vya matairi ya magari.

Bi Glavu kasimama mbele ya pipa la chumvi, ngozi mikononi, laini jamani, ina joto, inamlalia kiganjani. Akajiambia, hii iende motoni na mwanangu anaitwa Mamba? Akatazama huku na huku. Pipa lilikuwa mbele ya kioo cha ofisi ya bosi. Akiichovya ataonekana ameichovya na itabidi aonekane anaipeleka tanuruni. Basi hakuichovya. Alirudi nayo nyuma ya kabati, macho ya bosi yasikofika, akaikunja, akaisokomeza kwenye mfuko wake wa chakula, akaipapasa juu na kuiambia kwa utani, "Haya, wewe wangu leo."

Na kuhusu kuizima, alikuwa na hesabu zake za mlishaji. Miaka minne kazini aliona jambo moja tu: trei ukiisahau bila uji siku mbili, imekufa. Akasema, nitaiweka darini siku tatu, haili kitu, itazimika yenyewe kwa njaa.

Hakuwaza kwamba chenye njaa hutafuta chakula.

Siku tatu zikapita. Mume wake akaletewa ngozi, akaambiwa, "Imeshatengenezwa, wewe shona tu." Fundi akaipeleka puani. "Inanukia maziwa," akasema. Akaanza kushona, na baada ya muda akaita, "Mama Kitinda, hebu njoo. Ngozi zote nilizowahi kushona, ukitoboa, tundu linabaki. Hii nikipitisha sindano inafumba nyuma yangu. Hata uzi sioni ulipopita!"

"Si ndiyo uzuri wa kisasa huo," akajibu Bi Glavu, lakini mikono yake ndani ya glavu ilikuwa inawasha.

"Hongera mwanangu," mama mkwe akadakia kutoka kwenye kiti chake. "Miaka thelathini ya ufundi, leo ndiyo mshono wako haujaonekana umepinda."

Wakacheka. Viatu vikatoka vizuri ajabu, vya kahawia, kama vimechorwa. Kitinda akavivaa, akatembea sebuleni kwa madaha, mkono kiunoni.

"Mama," akasema, "vina joto. Kama mtu ametoka kuvivua sasa hivi."

Shuleni hakuna aliyepiga viganja tena. Siku ya kwanza raha, ya pili raha. Siku ya tatu jioni wamekaa mezani wanakula, mama mkwe akainua kichwa, akatega sikio, akauliza:

"Nani ananyonya?"

"Nini, mama?" fundi akauliza.

"Nimezaa tisa, msinifundishe. Kuna mtoto ananyonya humu ndani."

Fundi akacheka mpaka akapaliwa. Akasema mama, huyo ni mimi navuta mchuzi. Bi Glavu naye akacheka, akainama kuokota kijiko kilichomponyoka, na pale chini ya meza, mahali penye miguu ya Kitinda, akakisikia. Nyu, nyu, nyu. Kinatulia kidogo kama kinavuta pumzi. Nyu, nyu. Akainuka na kijiko mkononi. Chakula chake alikiacha.

Kuanzia hapo Kitinda akawa anakula kama mtu anayejaza gunia lililotoboka. Sahani ya kwanza, ya pili, anaomba ya tatu, na mashavu yanazidi kubonyea. Viatu hataki kuvua. Akioga anakaa ndani ya beseni miguu ikining'inia nje. Harufu ya maziwa ikaenea chumbani, tamu kwanza, halafu ile ya maziwa yaliyolala kwenye chupa, ukifungua mlango inakupiga usoni. Siku ya saba Bi Glavu akasema basi, leo mchezo umekwisha, akamkalisha binti kitandani, mchana kweupe, jua linaingia dirishani, akapiga magoti.

"Lete mguu."

"Mama, usiguse."

"Lete mguu nakwambia."

Akafungua kamba za kiatu. Kamba zikatoka zote mkononi, maana hazikuwa zimepita popote. Matundu yake yalikuwa yameziba. Akatafuta ukingo wa kiatu, pale ambapo ngozi ya kiatu inaishia na soksi inaanza. Akavua glavu moja, jambo ambalo halifanyi mbele ya mtu, akapapasa kwa vidole vyake vibovu akizunguka kifundo cha mguu, mbele, nyuma, mbele tena. Soksi hakuna. Ukingo hakuna. Kahawia ilikuwa inapanda taratibu na kuingia kwenye rangi ya mtoto kama chai inavyoingia kwenye maziwa. Akafinya ncha ya kiatu, pale mbele, ambapo hakuna kidole.

"Ai!" Kitinda akaruka. "Mama, unaniumiza!"

Bi Glavu akarudi nyuma kwa makalio mpaka mgongo ukagonga kabati. Na vile viatu, kwa ule upepo wa mtu kuanguka, vikasisimka.

Wakamkimbiza hospitali. Daktari alikuwa mtu wa makamo, mpole, alimpapasa mtoto muda mrefu mno, akatoka nje na wazazi, akafunga mlango nyuma yake. Hakuuliza ni nini. Alisema inapanda upana wa vidole viwili kwa siku na damu ya mtoto inapungua. Akasema, "Ikifika pajani sitaweza kitu. Kesho kutwa tukate. Yote miwili." Fundi viatu, mume wa watu, aliketi palepale kwenye sakafu ya korido akaanza kuuliza, "Yote miwili? Yote miwili, daktari?" kama mtu ambaye angeridhika na mmoja.

Wakaomba kurudi naye nyumbani wakajadiliane. Na ndani ya taksi, Kitinda amelala kwenye mapaja ya mama yake, macho yamefumba, akaongea. Sauti ilikuwa yake mwenyewe, sivyo tunavyosimuliwa kwamba jini lina sauti nzito. Ilikuwa yake kabisa, ndiyo iliyokuwa mbaya.

"Mama. Mbona siku hizi huimbi?"

"Nini, mwanangu?"

"Ulikuwa unaniimbia kila siku. Asubuhi na jioni. Siku ishirini na moja."

Bi Glavu hakuwahi kumwimbia Kitinda. Mtoto yule tangu utotoni akiimbiwa analia.

Redio ndiye aliyejua mganga. Redio asingejua nani? Mganga mwenyewe alikuwa mwanamke mnene mwenye miwani ya kusomea, anafanyia kazi chumba cha nyuma cha duka la mwanawe la vipuri vya baiskeli, katikati ya minyororo na matairi, hana mbwembwe wala kengele. Alimsikiliza Bi Glavu toka trei hadi taksi. Kila akifika kwenye kitu cha aibu, mganga anasema, "Ruka hapo baadaye utarudi," na kweli anamrudisha. Mwisho akavua miwani.

"Ngozi yoyote ina mwenyewe," akasema. "Ya mbuzi ilikuwa ya mbuzi, alizaliwa nayo, akafa, ikabaki. Hiyo yako ilikuwa ya nani?"

"Ng'ombe..."

"Ng'ombe yuko malishoni na ngozi yake mwilini. Nimekuuliza hiyo iliyoota."

Bi Glavu akazitazama glavu zake.

"Haikuwa na mwenyewe. Na hewani humu kuna wasio na mwili, shoga yangu, wanazunguka tangu dunia haijakauka, wanatamani hata unyayo. Mmoja akakuta nyumba nzuri, ina joto, ina chakula, mlangoni anaimbiwa. Si angeingia? Wewe ungebaki nje?" Hakuwa anacheka. "Kazini kwenu chumvi inawafukuza bila nyinyi kujua. Huyu hukumtia chumvi. Ukamshindisha njaa. Sasa unadhani mtoto ndiye aliyevaa viatu. Mtoto ndiye anayevaliwa."

"Atatoka?"

"Kwa chumvi ileile. Na mkono uliomlisha ndio umzimishe, bila glavu. Mimi nitakaa tu." Akamshika Bi Glavu kidevu, akamgeuza uso. "Sikiliza vizuri. Akianza kuzidiwa ataomba. Anataka kitu kimoja, awe na mwenyewe. Atakuuliza yeye ni wa nani. Ulishamwambia neno hilo mara moja kwa utani, na ona. Safari hii usijibu. Hata akilia kwa sauti ya mama yako marehemu, usiseme wangu. Ukisema, umempa."

Kesho yake, saa nane mchana, ule muda ambao mtaa mzima umelala na hata kuku wametulia, wakaweka karai kubwa la kufulia katikati ya sebule, wakamimina maji na mifuko sita ya chumvi mpaka maji yakawa mazito. Mapazia wakayafungua, mganga alitaka mwanga. Fundi alimshika binti kwapani kutoka nyuma. Kahawia ilikuwa imeongeza mwendo usiku kucha, imeshapita magoti. Mama mkwe aliambiwa akae chumbani kwake, akakataa, akasema, "Kama siwezi kuona mniache nisikie," akakaa kwenye kiti chake, mikono juu ya fimbo.

Bi Glavu akavua glavu, ya kulia, ya kushoto, akaziweka mezani, na ile mikono iliyopasuka akaitumbukiza kwenye chumvi.

Hakupiga kelele. Alitoa pumzi tu. Akashika miguu ya mwanawe, akaizamisha, akaanza kuishikilia chini kama alivyokuwa akizishikilia ngozi kazini, na kwanza hakikutokea kitu, maji yametulia, nzi anagonga kioo, mpaka akasikia chini ya viganja vyake kitu kinasinyaa, kinajikunyata, kinajaribu kupanda, na yeye akakibana, na maji yakaanza kububujika bila moto, na ile harufu ya maziwa yaliyolala ikapanda nyumba nzima mpaka fundi akageuza uso akatapika begani kwake bila kumwachia mtoto, na kutoka ndani ya karai, si kinywani kwa Kitinda bali chini ndani ya karai, kikaanza kilio cha kichanga, chembamba, cha siku moja, kilio kile ambacho mwanamke aliyezaa akikisikia kifua chake kinajibu kabla kichwa hakijajibu, na yeye machozi na kamasi vinamtiririka, chumvi imeingia kwenye kila ufa wa mikono, anaona kahawia inashuka, imeshuka magotini, imeshuka kwenye misuli ya miguu, ukingo umeonekana, jamani ukingo umeonekana, unajikunja kama soksi, imefika kifundo cha mguu, na hapo ikasimama.

Kilio kikakatika.

"Mama," ikasema, kwa mdomo wa Kitinda. "Mimi ni wa nani?"

Mganga akatikisa kichwa. Bi Glavu akauma midomo, akabana zaidi.

"Ulinilisha. Mimi ni wa nani?"

"Shikilia," mganga akanong'ona. "Shikilia, shoga yangu, imebaki kidogo."

"Mama, nasikia baridi."

Na Bi Glavu akahisi ile ngozi inasisimka viganjani mwake, kama asubuhi ile. Akalegea. Nani asingelegea? Sekunde moja tu. Ikapanda. Haikupanda kwa vidole viwili safari hii, ilipanda kama maji kwenye kitambaa, magoti, mapaja, ikaingia chini ya gauni, na Kitinda akafumbua macho, akamtazama mama yake yeye mwenyewe, Kitinda halisi, mwepesi wa kulia, midomo imegeuka rangi ya majivu, akajaribu kusema kitu na pumzi haikutosha.

"Anakwenda!" fundi akapiga ukelele. "Mke wangu, anakwenda! Hapumui!"

"Usimjibu!" mganga akasema. "Bana, usimjibu!"

Lakini kifua cha mtoto hakikuwa kinapanda tena. Na mama mtu alipima, kwa muda mfupi kuliko mimi ninavyousimulia. Akainama mpaka mdomo ukagusa maji.

"Wangu," akasema. "Wewe ni wangu. Mimi ndiye mwenyewe. Njoo, muache huyu."

Ikamwachia. Ilitoka kirahisi, kama nguo ya mtu aliyekonda, ikateleza mapajani, magotini, ikavuka vidole, ikazama kwenye karai bila hata kurusha tone. Kitinda akavuta pumzi moja ndefu yenye mlio, halafu akalia, akalia sana, kilio chake mwenyewe cha kukera, na baba yake akamkumbatia anacheka na kulia, anambusu nyayo, kidole kimoja kimoja, kumi vyote.

Ilichukua muda kabla ya mtu kumtazama Bi Glavu. Alikuwa bado kapiga magoti, mikono ndani ya karai mpaka viwiko. Mganga akachukua upawa, akakoroga maji, akatafuta chini, akaja na soksi mbili za shule. Hakukuwa na kitu kingine humo.

Akavaa miwani, akaivua. Chai hakunywa. Mlangoni alimwambia Bi Glavu maneno machache sikioni, na Bi Glavu akaitika, "Najua."

Kitinda sasa hivi yuko shuleni, anavaa makubazi ya plastiki, na miguuni mpaka mapajani kuna rangi nyepesi kidogo, kama mtu aliyevaa soksi ndefu juani. Anacheka, anakimbia. Wakimwita Mamba anawaambia waje waumwe. Hospitali daktari alimpapasa, akamwambia baba mtu, "Sijui mmefanya nini, wala msiniambie."

Bi Glavu aliacha kazi kule kwenye jengo jeupe. Na glavu aliacha pia. Redio alipokuja kumtembelea alimkuta anapepeta mchele uani mikono mitupu, na Redio akapiga vigelegele, "Shoga, umepona! Hebu nione!" maana ile mikono ilikuwa mizuri, haina ufa hata mmoja, laini, ya kahawia mpaka kwenye viwiko. Akaishika amsalimie. Kisha akaiachia. Huyo huyo Redio, ambaye siri haikai kwake hata ipikwe, ilimchukua mwezi mzima kusimulia alichokiona: hakukuwa na mistari viganjani, wala kucha, wala alama ya chanjo mkononi. Na mlango wa uani ulipofunguka upepo ukaingia, vipele vilisimama kwenye mikono ile tu. Shingoni kwa Bi Glavu, usoni, hakuna.

Anakula sasa. Sahani ya kwanza, ya pili. Na mashavu yake manene, yale yaliyokuwa yakitikisika akicheka, yanabonyea.

Juzi jioni walikuwa mezani, wote wanne. Fundi anasimulia habari ya mteja aliyeleta kiatu kimoja tu, Kitinda anacheka na chakula mdomoni. Mama mkwe akainua kichwa. Akatega sikio kama siku ile, upande huu, upande ule, halafu akaugeuza uso wake usioona vizuri moja kwa moja kwa mkwe wake.

Bi Glavu akaiondoa mikono mezani taratibu, akaiweka chini, mapajani, akaifunika kwa kanga. Akaanza kuimba, kidogo kidogo, kwa sauti ya chini, wimbo wa kubembelezea watoto wachanga.

Mama mkwe akaweka kijiko chake kwenye sahani. Safari hii hakuuliza ni nani.